Sifa za Kwadi, Neno Moja la Fundi

Makala ya kujaribu kwadi, chombo cha mashindano chenye magurudumu manne, ina umbo ambalo mpenzi wa pikipiki hulitambua kabla ya aya ya pili. Mashine imesimama, mwandishi anaizunguka akiitaja kipuri kwa kipuri. Anapanda, na mzunguko wa kwanza ni wa woga. Anazoea. Anaruka tuta kubwa, anakaa hewani, anatua salama. Hukumu inafuata: chombo ni kikali, kinamtaka mwenye kifua. Umbo hili nalisoma nikiwa baina ya Migori na Homa Bay, ambako pikipiki hujaribiwa tangu asubuhi hadi magharibi na hakuna anayeandika.

Tuanze na ile orodha ya vipuri, maana ndiyo sehemu inayodharauliwa na ndiyo yenye usanii. Vitenzi karibu havipo. Ni nomino juu ya nomino: shokomzoba za kampuni fulani, ekzosi ya fulani, ekseli iliyopanuliwa, ngao za kuzuia magurudumu ya wapinzani yasinase kwenye yako. Aliyewahi kukesha kwenye ohangla, muziki wa Wajaluo, anaujua mtindo huu. Muziki unashushwa, mtu anatoa pesa, kisha anajisifu au anamsifu rafiki, akipanga majina ya kupanga juu ya jina la ukoo na la kijiji, hadi ngoma ipande tena. Wajaluo huuita mtindo huo pakruok. Majina ya watengenezaji katika makala ya kwadi yana kazi hiyohiyo. Msomaji asiyejua shokomzoba hiyo inafanya nini bado anajua kwamba mkubwa ametajwa.

Tofauti iko kwenye pesa. Katika pakruok noti inaonekana na kila mtu, kwa hiyo hakuna anayedanganyika. Wasikilizaji wanahukumu ufundi wa maneno. Kwadi ya majaribio nayo kwa kawaida hutolewa na anayetaka isifiwe, muuzaji au timu, lakini jambo hilo likitajwa hutajwa chini kabisa, kwenye shukrani.

Ukweli, kwa maoni yangu, unaingia kwenye kona. Chukua Yamaha YFZ450R, iliyotoka mwaka 2009 ikiwa na injini ya sentimita za ujazo 449. Magurudumu yake ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja nzima, kwa hiyo yanazunguka sawasawa hata pale ambapo la ndani lina njia fupi kuliko la nje. Matokeo yake mashine inang'ang'ania kwenda mbele. Haiinami kama pikipiki. Anayeinama ni dereva, anayening'iniza mwili upande wa ndani huku akiyatelezesha magurudumu ya nyuma kwa makusudi. Na mafuta hayavutwi kwa kiganja kama kwenye pikipiki ya Boxer. Yanasukumwa kwa kidole gumba, na gumba huchoka. Mwandishi akifika hapo vitenzi vinarudi, sentensi zinakatika, na mwili wake unaonekana kwa mara ya kwanza. Mruko sina imani nao. Kila mwandishi akiwa hewani husimamisha saa, na kila saa hiyo inafanana na ya mwenzake.

Kuna dosari kubwa zaidi. Kwadi iliyo tayari kwa mashindano huwa imeandaliwa kwa mtu mmoja: springi zimechaguliwa kwa uzito wake, usukani umewekwa kwa urefu wa mikono yake. Anayeijaribu amevaa koti la mwenzake. Akisema nyuma ni ngumu mno, je, ni ngumu, au yeye ni mwepesi? Makala nzuri ingetaja uzito wa mwandishi kabla ya kutaja ekzosi.

Sasa fundi wa pikipiki, yule anayejaribu bila kuandika. Tangu Kenya iondoe ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, vibanda vya mafundi vimejipanga kandokando ya A1 kutoka Rongo na Awendo hadi Isebania mpakani. Fundi anaitoa pikipiki ya mteja kibandani, anaifikisha lami, anaachia usukani kidogo aone kama inavuta upande, anashika breki, anarudi akiwa ametega sikio kwenye mnyororo. Anasema neno moja: beringi. Ile orodha ndefu ya sifa imepungua ikabaki na kipuri kimoja, kile kibovu. Mteja yupo palepale na ndiye atakayelipa. Fundi mzuri atampakia kijana nyuma kabla ya kutoa kauli, kwa kuwa pikipiki tupu haisemi lolote kuhusu pikipiki itakayobeba gunia la omena kutoka Mbita, au itakayopita Bonde la Lambwe baada ya mvua, ambako udongo mweusi hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu ligome.

Umbo la fundi ni kali na la haki, ila halina mahali pa furaha, na hapo ule mruko wa magazeti unapata utetezi wake: japo kwa maneno yaliyochakaa, unajaribu kusema kwamba chombo kinaweza kumfurahisha mtu. Kijana mwenye pikipiki mpya, hana abiria, lami ya Mbita iko wazi mbele yake, anahisi kitu ambacho "beringi" haiwezi kukibeba. Hicho hukipeleka kwa mchoraji wa mabango, kiandikwe kwa rangi kwenye kipande cha mpira nyuma ya gurudumu: jina la kupanga, labda la timu ya mpira, labda tambo la maneno matatu. Ni pakruok iliyobanwa ikaenea kiganjani, na aliyeilipia ndiye anayeiendesha.