Kipya Kinyemi: X-Men, Wapenzi Wake na Mwanamke kutoka Kenya

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii inawafaa sana wasomaji wa hadithi za katuni za Marekani. Mashujaa wa hadithi hizo hawazeeki, na wakifa hufufuliwa. Kwa hiyo kila baada ya miaka kadhaa kampuni humleta mwandishi mpya na mchoraji mpya, hutangaza mwelekeo mpya, na wapenzi hushangilia. Swali letu ni hili: huwa wanashangilia nini hasa?

Tutalijibu kwa kutazama mfano mmoja tu, yaani X-Men ya kampuni ya Marvel tangu mwaka 1975. Mfano huu hutajwa mara nyingi watu wanapotaka kuthibitisha kwamba hadithi iliyochoka inaweza kupata uhai tena. Vilevile unatuhusu sisi wenyewe, kwa kuwa kati ya wahusika walioingia mwaka ule alikuwamo mwanamke kutoka Kenya.

Kwanza tuangalie hali ilivyokuwa. X-Men ilianza Septemba 1963 mikononi mwa Stan Lee na Jack Kirby. Inahusu vijana waliozaliwa na nguvu zisizo za kawaida, ambao Profesa Xavier anawakusanya shuleni kwake ili wawalinde watu walewale wanaowaogopa na kuwachukia. Dhamira ni nzito: ubaguzi. Lakini wanafunzi wote watano wa mwanzo walikuwa Wamarekani weupe! Maudhui yalisema jambo moja, wahusika wakasema jingine. Soko nalo halikuwa zuri. Mwaka 1970, baada ya toleo la 66, hadithi mpya zilikoma. Kuanzia toleo la 67 hadi la 93 msomaji alikuwa akiuziwa hadithi za zamani zilizochapwa upya. Kwa lugha ya mtaani, alikuwa akilishwa kiporo.

Mwaka 1975 Len Wein na mchoraji Dave Cockrum wakatoa toleo maalumu lililoitwa Giant-Size X-Men. Humo Xavier anazunguka dunia kutafuta watu wapya: Mjerumani, Mrusi, Mkanada, Mjapani, Muayalandi, Mwapache, na huyo mwanamke wa Kenya aitwaye Ororo, ambaye jina lake la kishujaa, Storm, lina maana ya dhoruba. Kuanzia toleo la 94 mwaka uleule, maandishi yakawa ya Chris Claremont, naye akadumu hadi 1991. Wasomaji walipokea vizuri. Mwaka 1978 gazeti lililokuwa likitoka kila baada ya miezi miwili likaanza kutoka kila mwezi.

Mhakiki wa haraka atasema kilichopendwa ni sura ngeni na nguvu ngeni. Hatukubaliani naye. Sura ngeni huzoeleka baada ya matoleo matatu, na nguvu za ajabu zimejaa tele katika kila gazeti la aina hii. Kilichobadilika ni namna ya kuutazama wakati. Katika toleo la 95, Thunderbird, yule Mwapache, anakufa. Msomaji ndiyo kwanza amemzoea, mara kaondoka. Mwaka 1980, katika toleo la 137, Claremont na mchoraji John Byrne wakamuua Jean Grey, mhusika aliyekuwapo tangu 1963. Hapo msomaji akajua kwamba linalotokea mwezi huu halitafutwa mwezi ujao, na ndiyo maana alirudi dukani. Kampuni ilipomfufua Jean mwaka 1986, iliuharibu mkataba huo kwa mikono yake yenyewe.

Sasa tumgeukie Ororo, maana hapo ndipo penye kidonda cha methali yetu.

Tunapomkuta mara ya kwanza, mwaka 1975, yuko Kenya. Wanakijiji wamekuja kumwomba mvua, naye, akiwa karibu uchi, anaiita mvua inyeshe. Wanamwabudu kama mungu. Kijiji hicho hakielezwi ni cha Wakamba, Waluo au Wagiriama. Ni “Afrika” tu, basi. Tukumbuke Kenya ya 1975 ilikuwa na miaka kumi na miwili ya uhuru. Miaka saba kabla yake, pale Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walikwisha kudai Idara ya Kiingereza ivunjwe ili fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Wakati hoja hizo zikiendelea huku, kule New York Mkenya alikuwa bado anachorwa akipiga magoti.

Hata jina lina vituko vyake. Hadithi inatuambia Ororo maana yake ni urembo. Msomaji wa Kiswahili atacheka, kwani kwetu kitu chororo ni kitu laini, nyororo kama godoro zuri. Anayerusha radi kuitwa Ororo! Sidhani kama kuna aliyekuwa amefungua kamusi.

Je, tuitupe kazi hii? Wapo watakaosema ndiyo, na tunaelewa hasira yao. Lakini uhakiki wa haki hauishii ukurasa wa kwanza, hasa kwa hadithi iliyoendelea miaka mingi. Claremont alirithi picha ile mbovu, na badala ya kuifuta akaifanyia kazi. Katika toleo la 102 la mwaka 1976 tunaelezwa kwamba mama yake Ororo ni Mkenya na baba yake mpiga picha wa Kimarekani. Kwamba wazazi waliuawa Cairo nyumba ilipowaangukia. Kwamba mtoto alifukiwa kwenye kifusi, na ndiyo maana hadi leo hawezi kuvumilia mahali pa kubana. Yule mungu akapata hofu. Baadaye akapewa uongozi wa kundi zima. Mwaka 1984, katika toleo la 185, akapoteza nguvu zake.

Toleo la 198, la mwaka 1985, lililochorwa na Barry Windsor-Smith, ndilo tunalomwomba msomaji alitafute. Ororo amerudi Afrika bila nguvu yoyote. Nchi ni kavu na hawezi kuleta hata tone la mvua. Anachoweza ni kumsaidia mwanamke kujifungua. Linganisha picha hizi mbili: mwaka 1975 mikono imeinuliwa juu ya vichwa vya watu, mwaka 1985 mikono ileile inapokea mtoto. Afrika ya toleo hili bado ina mapungufu yake, hilo hatulifichi. Lakini sasa Mwafrika hamwabudu Ororo, anamhitaji kama jirani. Na mwaka uliofuata, katika toleo la 201, Ororo anapambana na Cyclops kugombea uongozi, anamshinda, na nguvu bado hana. Huo ndio ukuaji wa mhusika.

Kwa kuhitimisha, tunasema hivi. Wapenzi wa 1975 walikuwa na haki ya kufurahi, ila walifurahi kwa sababu ambayo wao wenyewe bado hawakuwa wameiona. Upya wa toleo lile la kwanza ulikuwa nusu kinyemi, nusu kidonda. Ulichukua miaka kumi, na mwandishi asiyekimbia, mpaka kidonda kikaanza kufunga. Mwaka 2019 Jonathan Hickman naye aliipa X-Men mwelekeo mpya, akakigeuza kisiwa cha Krakoa, lile dude la mwaka 1975, kuwa taifa la wahusika hawa. Makofi yakapigwa tena. Sisi wahakiki tupige pia, hakuna ubaya, lakini tusiache kuuliza: mgeni huyu amekuta deni gani ndani ya nyumba, na je, analilipa au analifunika kwa rangi mpya?