Kutoka Chanika Hadi Chanika: Jinsi Mzunguko wa Pwani ya Kenya na Tsavo Unavyopangwa

Chanika, mji wa Handeni, haupakani na nchi yoyote, lakini umekaa kati ya milango miwili ya kuingilia Kenya. Mmoja ni Horohoro, mbele ya jiji la Tanga. Wa pili ni Holili, mbele ya Himo mkoani Kilimanjaro. Kuwapo kwa milango hiyo miwili kunaifanya safari ya kutalii kwa gari iwe mzunguko badala ya kwenda na kurudi. Gari huingia Kenya kwa upande wa pwani, hupita Mombasa na Malindi, hukata bara kwa njia ya Tsavo na kutokea Taveta, kisha hurudi nyumbani kupitia Same na Mombo. Kipande pekee kinachopitwa mara mbili ni kile cha Chanika na Korogwe, kilomita 65 za lami. Mzunguko mzima una takriban kilomita 1,150, bila kuhesabu michepuko ya kwenda kuona vitu.

Wapangaji wengi huanzia kwenye vivutio: wanaandika Fort Jesus, Malindi na tembo wa Tsavo, halafu wanatafuta barabara ya kuviunganisha. Mpango wa namna hiyo huvunjika siku ya kwanza, kwa sababu haujazingatia kwamba mpaka una foleni, karatasi na saa zake. Mpango unaosimama huanzia mpakani. Kwanza hujulikana gari litavuka wapi na saa ngapi wakati wa kwenda, na litarudia wapi na saa ngapi. Vivutio hupangwa baadaye, katika muda uliobaki wa mwanga wa jua.

Maandalizi huanza na mtu kabla ya gari. Raia wa Tanzania hahitaji viza kuingia Kenya, na idhini ya kielektroniki ambayo Kenya iliianzisha Januari 2024 kwa wageni wengi haiwahusu raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kosa linalojirudia ni kudhani kwamba kitambulisho cha NIDA kinatosha. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wavuke kwa vitambulisho vya taifa, lakini Tanzania haimo katika mpango huo. Kwa hiyo kila msafiri, mtoto akiwemo, anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria kutoka Uhamiaji. Kwa familia, hili ndilo jambo la kuanza nalo, wiki nyingi kabla ya kufikiria hoteli. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kikikosekana, safari ya watu watano husimama kwa ajili ya mmoja.

Gari nalo lina karatasi zake, na ndizo zinazochelewesha zaidi. Bima ya ndani, iwe kubwa au ndogo, huishia mpakani. Ng'ambo inahitajika Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo hutolewa na kampuni ile ile iliyolikatia gari bima. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki katika mpango huu wa bima, na hiyo ndiyo sababu kadi hupatikana Tanga au Korogwe bila shida. Cha kukagua ni kama Kenya imetajwa kwenye kadi, na kama tarehe zinatosha siku zote za safari pamoja na siku mbili za ziada. Kadi ya gari ibebwe ile halisi. Gari lisipokuwa kwa jina la dereva, mwenye gari huandika barua ya idhini ambayo wakili huithibitisha. Likiwa chini ya mkopo, benki nayo huandika ya kwake. Barua hizi zisipokuwepo, forodha haina namna ya kujua kama gari linasafiri au linatoroshwa.

Mpakani penyewe pana utaratibu unaowachanganya wanaovuka kwa mara ya kwanza. Horohoro na Lunga Lunga, kama ilivyo kwa Holili na Taveta, ni vituo vya huduma ya pamoja. Maofisa wa nchi zote mbili hukaa kwenye jengo la nchi inayoingiwa. Anayekwenda Kenya hapigwi muhuri wa kutoka Horohoro: hupita moja kwa moja hadi Lunga Lunga, na humo ndani hukuta dirisha la Uhamiaji wa Tanzania, kisha la Kenya, kisha forodha za pande zote mbili. Wakati wa kurudi, kila kitu hufanyika Holili. Anayesimama kutafuta muhuri upande wa nyumbani hupoteza nusu saa, na mara nyingi huangukia mikononi mwa vishoka wanaojitolea "kumsaidia" kwa malipo.

Gari huandikishwa kwamba limetoka Tanzania kwa muda, kisha Kenya hulipatia kibali cha muda chenye tarehe ya mwisho, ambacho huenda kikalipiwa ada. Tarehe hiyo isomwe hapo hapo dirishani, kabla ya kuondoka. Kibali kinachoisha siku moja kabla ya gari kufika Taveta huzaa faini na maelezo marefu, na kurekebisha ukiwa bado Lunga Lunga ni kazi ya dakika tano. Vilevile, kibali kitolewe kwa kueleza wazi kwamba gari litatokea Taveta, siyo Lunga Lunga lilikoingilia. Kwa familia yenye gari moja, saa mbili za mpakani ni makadirio ya haki.

Saa hizo mbili huingia kwenye hesabu ya siku ya kwanza, na hesabu yenyewe hufanywa kwa saa, siyo kwa kilomita. Matuta, vijiji vyenye kikomo cha kilomita 50 kwa saa na malori ya mizigo hushusha wastani hadi kati ya kilomita 50 na 60 kwa saa, hata barabara ikiwa nzuri. Kutoka Chanika hadi Korogwe ni kilomita 65, Segera haifiki 20 zaidi, Tanga kama 70, Horohoro 65, kisha Ukunda karibu na ufukwe wa Diani kama 75. Jumla inakaribia 300, yaani saa tano na nusu za usukani. Zikiongezwa saa mbili za mpakani na saa moja na nusu ya kuyaona mapango ya Amboni, yaliyo kando ya barabara ya Horohoro nje kidogo ya Tanga, zinafika saa tisa. Gari likiondoka saa 12 asubuhi hufika saa 9 alasiri. Likiondoka saa 3, hufika giza likikaribia kwenye barabara ngeni, ama Amboni haionwi kabisa. Kuna wanaopendelea kutoka Chanika kupitia Mkata wakiamini ni njia ya mkato kwa kuwa ni kilomita 54 tu hadi barabara kuu. Kwa anayekwenda Tanga si mkato, maana Mkata iko kusini, na kilomita za kupanda tena hadi Segera huimaliza faida yote.

Siku ya pili ni ya Mombasa. Kutoka pwani ya kusini kuna njia mbili. Kivuko cha Likoni ni kifupi kwa umbali, lakini asubuhi na jioni hujaa wafanyakazi. Barabara ya Dongo Kundu huzunguka ghuba kwa madaraja na kutokea Miritini, upande wa bara, kisha gari hurudi kuingia kisiwani. Asiyekuwa na haraka apite Likoni saa 4 asubuhi, foleni ikiwa imepungua, kwa sababu kuuona mji kutoka majini ni sehemu ya utalii wenyewe. Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, inastahili nusu siku nzima. Humo ndimo walimozingirwa na Waomani tangu 1696 hadi 1698, miezi 33, na anayezijua kuta zake kabla ya kuingia huona mengi zaidi ya mizinga. Mji wa Kale uko hatua chache, nao hutembewa kwa miguu. Gari libaki kwenye maegesho yanayolipiwa.

Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita kama 120, na magofu ya Gedi yako njiani, karibu na Watamu. Huu ni mji wa Waswahili uliohamwa karne ya 17, wenye msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima na vyoo vya mawe vilivyomezwa na msitu. UNESCO iliuandika katika urithi wa dunia mwaka 2024. Kwa msafiri kutoka Tanga, aliyekulia karibu na magofu ya Tongoni, Gedi ni mahali pa kulinganisha, siyo pa kupiga picha tu. Saa mbili ni kidogo hapo.

Kutoka Malindi kwenda bara ndipo mpangaji anapopaswa kuamua kwa uangalifu. Njia ya kwanza hufuata mto Galana hadi lango la Sala na kukatiza Hifadhi ya Tsavo Mashariki hadi Voi. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa 1948, ina zaidi ya kilomita za mraba 13,000, na ndani yake barabara ni za vumbi na kikomo ni kilomita 40 kwa saa. Kutoka Sala hadi Voi ni zaidi ya kilomita 100, hivyo bila kusimama ni saa tatu, na hakuna aendaye Tsavo bila kusimama. Gari liwe limefika Sala asubuhi mapema, mafuta yamejaa, na tairi la akiba limejazwa upepo. Kiingilio hulipwa kwa njia ya kielektroniki, siyo kwa noti, na raia wa Afrika Mashariki wana kiwango chao, ambacho hupatikana kwa kuonyesha pasipoti. Maji nayo yana sharti lake. Tangu Juni 5, 2020 Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumika mara moja katika hifadhi zake, hivyo katoni ya chupa za maji iliyonunuliwa Tanga hairuhusiwi kuvuka lango. Dumu au chupa za chuma za kujaza tena hutatua jambo hilo kabla halijawa ubishi.

Njia ya pili hufaa wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, au kwa gari la chini lisiloweza vumbi na makorongo. Gari hurudi Kilifi, hukata Mavueni na kupitia Kaloleni hadi Mariakani, na hapo huingia barabara kuu ya Nairobi hadi Voi. Njia hii huikwepa Mombasa kabisa. Wanyama huweza kuonwa kesho yake kwa kuingilia lango la Voi lenyewe. Barabara ya Mariakani hadi Voi hubeba malori ya bandari mchana na usiku, na mpango wowote unaomweka dereva pale baada ya saa 1 jioni ni mpango mbaya, hata awe mzoefu namna gani.

Fedha hazihitaji maneno mengi. Shilingi za Kenya zibadilishwe dukani, siyo kwa wanaozunguka na maburungutu mpakani. Laini ya Safaricom inunuliwe mapema, maana malipo mengi ya kila siku huko ni ya simu. Mafuta ni hesabu ya kalamu: kilomita 1,150 pamoja na michepuko hufika 1,300, na gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakunywa lita 130. EWURA ya Tanzania hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na EPRA ya Kenya hutangaza zake tarehe 14. Kwa kulinganisha matangazo hayo mawili, dereva hujua kama ajaze tangi Tanga au asubiri Ukunda.

Kutoka Voi, barabara hupita Mwatate, kwenye shamba kubwa la mkonge linalomkumbusha mtu wa Korogwe nyumbani, kisha hushuka tambarare hadi Taveta, kilomita kama 110. Taveta ilikuwa kituo cha misafara iliyopanda kutoka Pangani kabla ya ukoloni. Viongozi wa misafara hiyo walipanga siku zao kwa visima na mahali pa kununulia chakula. Kuvuka Holili kufanyike kabla ya saa 9 alasiri, na usiku ulalwe Himo au Moshi. Kulazimisha kufika Chanika siku hiyo hiyo huongeza zaidi ya kilomita 300 juu ya mpaka na uchovu, na kipande cha mwisho kitapitwa usiku kati ya pikipiki zisizo na taa.

Siku ya sita ni ya kurudi: Same, Hedaru, Mombo, Korogwe. Mpango wa siku sita uwekewe siku moja ya akiba, isiyopangiwa kitu, kwa ajili ya pancha, mvua au mtoto aliyeugua. Isipotumika, itumike kwenye Ziwa Jipe karibu na Taveta. Ziwa hilo liko juu ya mpaka wenyewe. Hulishwa na mto Lumi unaopita Taveta, maji yake hutoka kwa mto Ruvu, huingia bwawa la Nyumba ya Mungu na kuwa mto Pangani, mto ule ule ambao gari litauvuka Korogwe likielekea Chanika.