Mstari kwenye Seli ya Tano

Makala ya Massimo Cristofanilli na wenzake, iliyotoka mwaka 2004 katika New England Journal of Medicine, inahusu wanawake 177 wenye saratani ya matiti iliyokwisha kusambaa. Kabla ya tiba mpya walitolewa damu, na katika mililita 7.5 zikatafutwa seli zilizobanduka kwenye uvimbe. Nguvu ya makala imo katika umbo lake: namba moja, tano, inawagawa wote makundi mawili. Waliofikisha seli tano au kuzidi, muda wao wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 10.1; waliobaki walivuka miezi 18.

Mchoro wake usipitwe haraka. Mistari miwili inaanzia pamoja juu kushoto, kisha inateremka kidato kwa kidato, na kila kidato ni kifo. Katika michoro ya aina hii, vidato vya upande wa kulia huwa virefu hata pale vifo visipoongezeka: waliobaki chini ya uangalizi ni wachache, hivyo akiondoka mmoja pengo huwa kubwa. Naliheshimu umbo linalomhesabu marehemu namna hiyo. Lakini umbo hilohilo linamweka mwenye seli tano pamoja na mwenye mia tano, na kumtenga na mwenye nne.

Na hiyo tano yenyewe ni hukumu ya macho. Mashine iliyotumika, CellSearch, huzinasa seli kwa vichembe vya chuma vilivyovikwa kingamwili ya EpCAM, protini ya uso wa seli, sumaku ikavivuta. Kompyuta hupanga picha, kisha mtu huamua: kiini kipo, keratini ipo, CD45 ya seli nyeupe haipo. Seli iliyopoteza EpCAM hupita bila kuhesabiwa, na jedwali halina mahali pa kuiandika.

Mwaka 2014 Jeffrey Smerage na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la SWOG S0500. Wanawake 123 ambao seli zao hazikushuka chini ya tano baada ya duru ya kwanza ya kemo waligawanywa kwa kura: wengine wakabadilishiwa kemo mapema, wengine wakaendelea na ileile. Muda wa kuishi haukutofautiana kitakwimu. Hata hivyo walioanza na seli chini ya tano walikuwa na muda wa kati wa miezi 35, na hao 123 miezi 13. Mstari wa seli ya tano ulikuwa umewaona sawasawa waliomo hatarini. Kemo nyingine haikutosha kuwatoa.