Holiday ya 1938: Kosa la Kumpa Nick Potter Kazi

Filamu ya Holiday, iliyoongozwa na George Cukor kwa kampuni ya Columbia mwaka 1938, inahesabiwa miongoni mwa vichekesho bora vya mapenzi vya Hollywood, na sifa hiyo kwa sehemu kubwa ni haki yake. Katika dakika 95 inauliza swali moja: je, mtu aliyetumika tangu utotoni anaruhusiwa kusimama angali kijana, ale akiba yake, atafute anaishi kwa ajili ya nini, kisha arudi kazini atakapokuwa amejua? Swali limeulizwa vizuri. Jibu ndilo lililoharibiwa, tena mapema, katika onyesho la kwanza kabisa, pale waandishi wa skripti walipoamua kwamba Nick Potter awe profesa.

Asili ya filamu ni tamthilia ya Philip Barry iliyoingia Broadway mwishoni mwa mwaka 1928, chini ya mwaka mmoja kabla soko la hisa la New York halijaporomoka. Johnny Case, kijana asiye na ukoo wala urithi, amemchumbia Julia Seton bila kujua kwamba ni binti wa tajiri wa benki. Baba, Edward Seton, anataka mkwe wa kukaa ofisini. Johnny anataka fedha kiasi, halafu likizo ndefu. Linda, nduguye Julia, anamwelewa Johnny kuliko mchumba mwenyewe. Ned, ndugu yao wa kiume, yuko na chupa. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini, na ubishi wa Johnny ni wa saa tu: anataka kivuli kije mchana, kabla jua halijammaliza mchumaji. Edward Seton naye hakikatai kivuli. Anachokataa ni mtu kukikalia wakati soko bado liko wazi.

Hoja ya namna hii haisimami kwa maneno matupu, inahitaji shahidi. Barry alilijua hilo, akawaweka jukwaani Nick na Susan Potter. Katika tamthilia, mke na mume hao ni marafiki wa Linda na watu wa tabaka lake: wana fedha, hawana kazi ya kuwaamsha alfajiri, ni wachangamfu na wanapendana. Mzee Seton anaposema kwamba kukaa bila kazi kunamwoza mtu, macho ya watazamaji yanamwendea Nick, na Nick hajaoza. Hana haja ya kuhutubia. Kuwapo kwake kunatosha.

Filamu ya kwanza ya tamthilia hiyo, ya mwaka 1930 chini ya mwongozaji Edward H. Griffith, ilimwacha Nick kama alivyo. Ann Harding, aliyemwigiza Linda, aliteuliwa kuwania Oscar. Mary Astor alikuwa Julia. Nick alichezwa na Edward Everett Horton. Ni kweli kwamba picha hiyo ina uzito wa filamu za mwanzo za sauti, na kamera yake imetulia kama mgeni aliyekatazwa kusimama. Lakini hoja imefika salama, na shahidi yuko mahali pake. Wanaoitupa filamu ya 1930 kwa sababu ya ukongwe wa sauti wanapima chungu kwa masizi yake.

Mwaka 1938 skripti iliandikwa na Donald Ogden Stewart na Sidney Buchman. Picha inafunguka Johnny akikimbilia nyumbani kwa akina Potter kuwaambia kwamba anaoa. Nyumba ni ndogo, ya watu wa mshahara. Nick sasa ni profesa, na yeye na Susan si marafiki wa Linda tena bali wa Johnny. Kwa pigo moja yamebadilishwa mambo mawili: kazi ya Nick na upande anaokaa. Aliyeitwa kumcheza ni Horton yuleyule. Kwa mchambuzi hii ni bahati isiyotokea mara mbili: mwigizaji mmoja, mhusika mwenye jina lilelile, miaka minane katikati, na kilichobadilika ni kalamu. Ajabu zaidi, Stewart mwenyewe ndiye aliyemwigiza Nick jukwaani mwaka 1928. Aliyelivaa vazi ndiye aliyelikata.

Sababu za uamuzi huo zinaonekana katika wakati wake. Mwaka 1938 mamilioni ya Wamarekani hawakuwa na kazi, na mtu aliyezunguka mji mzima akitafuta kibarua hangependa kulipia tiketi ili achekeshwe na tajiri asiyefanya lolote. Stewart naye alikuwa amebadilika. Mcheshi wa kumbi za matajiri alikuwa amegeukia siasa za mrengo wa kushoto, akaongoza jumuiya ya wapinga Unazi ya Hollywood iliyoanzishwa mwaka 1936. Mtu wa msimamo huo hakuweza kuwaachia mabwanyenye wawili nafasi ya kupendwa bure, na kuwapa kazi ya ualimu kulikuwa kama kuwaogesha kabla ya kuwapeleka mbele za watu.

Sababu inaeleweka, lakini haijitoshelezi. Mwaka 1932, katikati ya dhiki hiyohiyo, Ernst Lubitsch alimtumia Horton huyuhuyu katika Trouble in Paradise kama tajiri asiye na shughuli, na hakuna aliyelalamika kwamba mhusika huyo hana mwajiri. Mwaka 1937 Cary Grant na Constance Bennett walicheza katika Topper kama mke na mume wenye fedha na anasa, wanaokufa kwa ajali ya gari kisha wakarudi kama mizimu kumfundisha mkuu wa benki namna ya kuishi. Picha hiyo ilipendwa. Mwaka mmoja baadaye, Grant akiwa steringi wa Holiday kama Johnny, ikaamuliwa kwamba watazamaji haohao hawawezi kumvumilia Nick asiye na kazi. Huko kulikuwa kuwaogopa watazamaji.

Hasara ya kwanza ni kwamba shahidi ametoweka. Profesa ana vipindi, ana wanafunzi, ana mshahara wa mwisho wa mwezi. Akimuunga mkono Johnny, anamuunga mkono kama mwajiriwa anayempenda rafiki yake. Hawezi kuthibitisha kwa maisha yake kwamba mtu anaweza kuacha kazi akabaki mtu. Mezani sasa wamo mzee anayeabudu kazi, profesa anayefanya kazi na kijana ambaye bado hajapumzika hata siku moja. Filamu inayoitwa likizo haina mtu aliye likizoni.

Hasara ya pili ni nzito zaidi. Nick akishaondolewa, mfano pekee unaobaki wa mtu mwenye fedha anayeziacha siku zipite ni Ned. Alitaka muziki, baba akampa meza katika benki, naye akaihama meza hiyo kwa njia ya glasi. Lew Ayres anamcheza bila kulia wala kujionyesha, na mazungumzo ambamo anamweleza Linda hatua za ulevi, moja baada ya nyingine kama mwalimu wa darasa la jioni, ni miongoni mwa vipande bora vya uigizaji wa muongo ule. Lakini kadiri Ayres anavyofanya vizuri ndivyo hoja inavyopinda. Mtazamaji akijiuliza mtu anayeacha jitihada anakuwaje, jibu analoliona ni Ned akisinzia. Filamu inamsuta mzee Seton kwa mdomo huku picha zake zikimkubalia.

Hasara ya tatu inaonekana usiku wa mwaka mpya. Linda ameomba sherehe ndogo ya uchumba katika chumba cha kuchezea ambacho mama yao aliwaachia; baba amealika mji. Chini kuna ngazi, wageni na watumishi. Juu kuna piano, bembea na jukwaa la vikaragosi. Akina Potter wanaingia mlangoni wakitishwa na ukubwa wa jumba, na kicheko kinatokana na woga wao kwa watumishi. Juu kwa Linda wanapata pumzi: vikaragosi vinachezwa, sarakasi zinapigwa, Linda anapanda mabegani kwa Johnny na wote wawili wanabingirika sakafuni wakati Julia na baba yake wanatokea. Seton Cram na mkewe Laura nao wanakuja kuchungulia na kupokelewa kwa kejeli zenye harufu ya upinzani dhidi ya ufashisti.

Kipande hiki kimetengenezwa kwa ustadi, na ndiyo maana kosa lake halionekani upesi. Kwa Barry, ugomvi ulikuwa kati ya aina mbili za matajiri: wanaoitumikia fedha na wanaoitumia. Kwa Stewart na Buchman, ugomvi ni kati ya walionacho na wasionacho, na wasionacho ndio wenye roho nzuri. Ubishi juu ya wakati umegeuzwa ubishi juu ya tabia. Ni rahisi kuwachukia akina Cram, na kila mtu anatoka ukumbini akiwa upande wa haki bila kuulizwa angefanya nini yeye mwenyewe kama angepata akiba ya miaka mitatu.

Imeshasemwa mara nyingi, na haina budi kurudiwa, kwamba Hollywood ya miaka hiyo ilimtumia profesa kama cheti cha uadilifu. Mhusika akihitaji kupendwa haraka, alipewa miwani na chuo. Mwaka huohuo wa 1938, katika Bringing Up Baby ya Howard Hawks, Grant alikuwa mtaalamu wa mifupa ya wanyama wa kale. Kule elimu ilikuwa na kazi ya kichekesho, kwa kuwa mhusika alipaswa kunyang'anywa heshima yake kipande kwa kipande. Katika Holiday, elimu ya Nick haina kazi yoyote. Haijulikani anafundisha nini kwa namna inayogusa kisa, wala hakuna uamuzi wake hata mmoja unaotokana na ualimu. Cheo ambacho hakifanyi kazi katika hadithi ni barua ya utambulisho tu.

Sehemu ya mwisho inalipa deni la mwanzo. Biashara ya hisa ya Johnny inafanikiwa. Anawaeleza Julia na baba yake mpango wake wa kupumzika, nao wanashtuka. Anaondoka, anafikiri, anarudi akiwa tayari kujaribu benki kwa miaka miwili. Mzee Seton, badala ya kumshika mkono, anaanza kumpangia fungate, nyumba na watumishi, na Johnny anaona miaka miwili ikigeuka kuwa maisha mazima. Anaaga na kwenda melini walipo akina Potter, safari ya Ulaya. Julia anakiri kwa namna inayomwachia Linda njia, na Linda anaifuata meli. Johnny anapiga sarakasi, anaanguka, wanabusiana, taa zinawaka. Likizo yenyewe haijaanza. Katika tamthilia yenye shahidi aliye hai, mwisho wa namna hiyo unatosha, kwa kuwa maisha yanayosubiriwa yameshaonekana kwa Nick. Hapa mtazamaji anauziwa shamba ambalo hajatembezwa.

Wengine walijua kulitembeza shamba. René Clair, katika À nous la liberté ya mwaka 1931, alikiacha kiwanda kijiendeshe chenyewe, wafanyakazi wakakaa kando ya maji wakivua samaki, na mwenye mali akashika barabara bila senti mfukoni. Frank Capra, katika kampuni hiyohiyo ya Columbia na mwaka huohuo wa 1938, alitoa You Can't Take It with You, kutoka tamthilia ya George S. Kaufman na Moss Hart. Humo mzee Vanderhof aliiacha biashara yake miaka mingi iliyopita, na filamu nzima inapita ndani ya nyumba yake, kila mtu akifanya apendalo. Capra ana mahubiri mengi na sukari nyingi kuliko Cukor, lakini kuhusu jambo hili alikuwa jasiri: alimweka mvivu mwenye furaha katikati ya picha na kumwacha aangaliwe saa mbili. Oscar ya filamu bora na ya mwongozaji bora zikamwendea yeye.

Mengine katika Holiday ni salama. Katharine Hepburn, aliyewahi kuwa mwigizaji wa akiba wa Hope Williams katika nafasi ya Linda jukwaani, anaijua nafasi hiyo hadi kwenye mifupa. Grant anatumia mwili aliofundishwa katika kundi la sarakasi la Bob Pender. Seti za Stephen Goosson na Lionel Banks, zilizoteuliwa kuwania Oscar, zinaonyesha ubaridi wa jumba bila neno moja. Cukor anawapanga waigizaji katika chumba kimoja kama mpangaji hodari wa bao, na hakuna kete iliyolala.

Kwa mizani ya ufundi, filamu ya 1938 inaishinda ile ya 1930 karibu kila mahali: kasi, sauti, nuru na waigizaji wakuu. Inashindwa mahali pamoja tu, na mahali hapo ndipo msingi wa nyumba ulipo. Nick Potter wa 1930 hana kazi, naye anaibeba hoja nzima. Nick Potter wa 1938 ana kazi chuoni, na katika filamu hana.