Fundi Ajuaye Kupunguza

Mtazame fundi wa kompyuta aliyeketi Dar es Salaam akitengeneza, kupitia mtandao, mashine iliyoko Sumbawanga. Kabla hajaligusa tatizo lenyewe, anapunguza. Anaondoa picha ya nyuma ya skrini, anazima vivuli vya madirisha na menyu zinazofunguka kwa madaha, anashusha rangi hadi 256. Skrini inachujuka kama kanga ya zamani, lakini kipanya kinaanza kutii.

Hesabu iko upande wake. Skrini ya pikseli 1024 kwa 768 yenye rangi kamili, ikitumwa bila kubanwa, ni zaidi ya megabaiti 2. Kwa modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, picha moja ingechukua zaidi ya dakika 5. Kwa rangi 256, mzigo huo unabaki theluthi.

Waliobuni VNC, programu ya kutazama na kuendesha kompyuta kutoka mbali, miaka ya 1990, katika maabara moja ya Cambridge, Uingereza, waliijua shida hiyo, na walichokifanya nakipenda hadi leo. Mashine inayotazamwa haimwagi picha ovyo, inangoja iombwe. Mtandao ukiwa mzito, maombi yanapungua, mabadiliko ya katikati yanaachwa yapite, na mtazamaji anapewa hali ya mwisho tu. Kisha kuna ile inayoitwa CopyRect. Ukiburuta dirisha kutoka kona hii hadi ile, picha yake haina haja ya kutumwa upya. Mashine inasema tu: kile kipande ulichonacho pale, kiweke hapa. Namba chache, basi. Yapo mashairi ambayo sijayatafakari kiasi hicho.

TightVNC, toleo mojawapo la VNC, ilipokuja na ubanaji wa JPEG, fundi aliongezewa uamuzi mwingine. Picha za harusi huvumilia JPEG. Daftari la hesabu halivumilii, maana ubora ukishuka mno 3 inaanza kufanana na 8. Basi kwa mhasibu JPEG inazimwa, ubanaji usiopoteza kitu unabaki. Nao usipandishwe hadi mwisho, la sivyo kompyuta kuukuu itahema kwa kubana tu.

Enzi za intaneti ya setilaiti, iliyo kilomita 36,000 angani, hakuna mpangilio ulioweza kuponya ucheleweshaji wa nusu sekunde na zaidi. Fundi alibofya, akangoja, hakubofya tena. Mwaka 2009 nyaya za baharini zikafika pwani yetu, SEACOM ikiwa miongoni mwa za mwanzo, na subira ile ikaanza kusahaulika. Siku hizi kila kitu kimeachiwa otomatiki. Kijana anaunganisha skrini mbili kwa ubora wa juu kabisa ili abadilishe nenosiri moja, huku mwenye kompyuta upande wa pili anatumia bando la simu yake. Na bando likiisha, lawama unatupiwa mtandao. Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Mipangilio ya kupunguza ilikuwa palepale kwenye menyu, ila ni wangapi walijua ilipo?

Wewe unayewafundisha vijana kazi hii, kasi ya mtandao inaweza kubanwa kwa makusudi, tena bila gharama. Wabanie hadi kilobiti 56, wafanye kazi humo wiki nzima, ndipo uwape faiba.