Gurudumu Lisilogusa Barabara: Uhakiki wa Istilahi "Gurudumu-tegemeo"

Ziko istilahi za ufundi wa magari ambazo hutungwa mezani zikakataliwa gereji. Mojawapo ni "gurudumu-tegemeo", itumiwayo na baadhi ya watafsiri kuitaja ile sahani nene ya chuma iliyofungwa kwa boliti kwenye ncha ya fitokombo, baina ya injini na gia boksi. Mafundi wa Uchira, Himo na Kirua Vunjo huiita flaiwili. Hapa tunakusudia kuipima istilahi ya watafsiri kwa kipimo kimoja tu, nacho ni kazi: je, yafaa kutumiwa tangu gari linapoletwa likiwa bovu hadi linapoondoka likiwa zima?

Kirua Vunjo ni mahali pafaapo kwa kipimo hicho. Gari lipandalo kutoka Uchira likiwa limesheheni watu na mikungu ya ndizi halikosi kusimama mlimani, na madereva wengi hulizuia lisirudi nyuma kwa kuikanyaga klachi nusu badala ya kutumia breki. Hapo sahani ya klachi husuguana na uso wa flaiwili pasipo kushikana nao, na joto hupanda. Mwishowe dereva husikia harufu ya kuungua. Injini huvuma lakini gari haliongezi mwendo. Na kila linapoanza kuondoka, hutetemeka. Fundi akishusha gia boksi na kufungua klachi, hukuta madoa ya bluu, nyufa nyembamba, au michirizi iliyochimbwa na ribiti za sahani iliyokwisha. Naye hutamka maneno mawili: "Flaiwili imeungua."

Sasa tuweke istilahi ya watafsiri mahali pake. Karani anayejaza fomu ya matengenezo ya gari la zahanati ataandika kwamba gurudumu-tegemeo limeungua na linatetemesha gari. Msomaji wa ofisi ya ugavi, ambaye hakusomea ufundi, ataliona neno "gurudumu" kwanza, na huenda lile la pili asilijali. Atafikiri habari ya tairi, au rimu, au beringi. Kosa hili si dogo, kwani gurudumu la barabarani nalo hutetemesha gari, ila kwa namna nyingine: usukani hucheza gari likiwa katika mwendo wa kasi, hali flaiwili iliyopinda hujidhihirisha klachi inapoachiwa. Dalili hizo mbili ndizo zinazompa fundi njia ya kuutambua ugonjwa, na istilahi yetu inazichanganya. Wakati huo gari la wagonjwa limesimama.

Hata hivyo tusimwonee mtunzi wa istilahi hiyo. Katika mashine za kusaga zinazoendeshwa na injini za zamani za dizeli, kama zile za Lister, kitu hicho ni gurudumu hasa: kikubwa, kiko nje, chaonekana kikizunguka, na mwendeshaji huwasha injini kwa kukizungusha kwa mkono. Aliyeiona mashine hiyo hatashangazwa na neno "gurudumu". Lakini "tegemeo" latuambia nini? Katika injini hakuna kipande kisichotegemewa. Kazi ya flaiwili ni kuhifadhi nguvu ya mzunguko. Katika injini ya mipigo minne kila silinda hutoa nguvu mara moja tu katika mizunguko miwili ya fitokombo, na uzito wa chuma hicho ndio unaoiendeleza injini katika mapengo yaliyo baina ya mlipuko mmoja na mwingine. Hayo hayamo katika "tegemeo".

Kwa hiyo twapendekeza flaiwili isanifishwe, kama zilivyosanifiwa klachi, breki na injini, na maana yake ielezwe katika fasili. Wako watakaosema kwamba tunakubali mkopo kwa uvivu. Sivyo. Kiswahili chenyewe kina utajiri wa vitenzi ambao watafsiri huusahau wanapohangaikia majina. Flaiwili yenye michirizi hafifu hukerezwa. Na kukereza ni kitenzi cha maseremala wa pwani tangu kale, kilichokuwepo kabla ya gari lolote. Meno ya ringi yake, yanayokamatwa na stata, husagika. Kwa kuwa injini ya silinda nne huzoea kusimama katika hali zile zile, husagika upande mmoja na ule unaoukabili, na ndiyo sababu stata hukwaruza leo na kesho ikakamata vizuri. Kuungua, kupinda, kusagika, kukerezwa: mwalimu wa ufundi hahitaji kutungiwa chochote hapo.

Panapohitajika istilahi mpya kwa kweli ni kwingine. Magari mengi ya siku hizi yana flaiwili ya vipande viwili vyenye springi katikati, ambayo kwa kawaida haikerezwi bali hubadilishwa nzima; nayo magari ya gia za kujibadili yana sahani nyembamba tu mahali hapo, isiyoshikana na klachi yoyote. Vyote viwili vikiitwa gurudumu-tegemeo, fundi atapelekewa kipuri kisichoingia. Kwa hicho cha kwanza tumeweka "flaiwili pacha", na cha pili "sahani ya stata", kwa kuwa ndiyo ibebayo ringi ya meno. Walimu wa vyuo vya ufundi na mafundi wa Moshi wanaombwa wayajaribu maneno hayo kazini na kutuandikia.