Ukucha Ndani ya Silinda

Fundi anayeijua pikipiki ya BSA Bantam hakimbilii vipimo. Akishang'oa silinda, hutia kidole ndani na kuburuta ukucha kuelekea juu. Ukikwama karibu na hedi, kazi ipo: ringi zimeila silinda, zikabakiza ukingo pale zisipofika.

Kisha hushika konrodi. Huitikisa kushoto na kulia. Ikicheza kidogo hana neno nayo, ndivyo ilivyoundwa. Halafu huivuta juu na kuisukuma chini, taratibu, kranki ikiwa imetulia. Hapo hatakiwi kusikia mchezo wowote. Wasiozoea huchanganya michezo hii miwili, wakabomoa kranki nzima bure.

Pistoni nayo husomwa. Michubuko upande wa tundu la moshi yaonyesha iliwahi kubana kwa joto. Weusi uliotambaa chini ya ringi ni ushahidi kuwa moto ulipenya. Hata vipini vidogo ndani ya mifereji ya ringi havisahauliwi, maana ndivyo vinavyozuia ncha za ringi zisizunguke na kunasa kwenye matundu ya silinda.

Bantam yenyewe ni mtoto wa vita. Mchoro wake ni wa DKW RT125 ya Ujerumani, uliotwaliwa kama fidia. Waingereza wakaugeuza kama kwenye kioo ili gia ikae kulia, wakaanza kuiuza 1948. Wasovieti, Harley-Davidson na Yamaha nao walichota humo humo. Posta ya Uingereza iliwapandisha vijana wake wa telegramu kwenye Bantam nyekundu. Uzalishaji ulikoma 1971.

Silinda iliyolika haikutupwa. Ilichongwa, ikatiwa pistoni iliyozidi kwa sehemu 20 za elfu moja za inchi, baadaye 40, kisha 60. Kitabu cha maelekezo kilimfundisha hata mwenye pikipiki kufungua hedi mwenyewe na kukwangua masizi. Nani leo anauziwa pikipiki kwa imani ya namna hiyo?

Bodaboda ikianza kufuka moshi, silinda, pistoni na ringi mpya hununuliwa kwenye boksi moja, na za zamani huishia kwenye vyuma chakavu kabla hazijatazamwa. Dereva si wa kulaumiwa sana. Jioni tajiri anasubiri hesabu yake. Ila kama chujio la hewa lilikuwa limepasuka, hakuna aliyeligusa, na vumbi lililoila silinda ya kwanza limeshaanza kuila ya pili.